Kuhesabu Tukijua Mungu Yupo: Imani ya Kikristo na Mipaka ya Fikra Zetu

Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti wa kongamano, wachungaji, wazazi wetu mliotutangulia katika imani, na ninyi vijana wa vyuo ambao kongamano hili ni lenu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi. Mada niliyopewa ni imani ya Kikristo na kujifunza kufikiri kuvuka mipaka ya kibinadamu. Ni mada njema, lakini ni rahisi kuipotosha, kwa sababu siku hizi mtu akisikia maneno hayo hutarajia kuambiwa kwamba akijitamkia ushindi asubuhi na jioni, akaifukuza kila fikra ya kushindwa, mambo yake yatafunguka. Sikuja kufundisha hivyo. Fikra ya mwanadamu iliyovikwa jina la Mungu inabaki kuwa fikra ya mwanadamu, na mipaka yake ni ile ile.

Ninaloamini, na ambalo nataka tulitafakari pamoja asubuhi hii, ni kwamba mpaka unaotufunga kuliko yote si uchache wa mali zetu, wala udogo wa elimu yetu, wala umaskini wa nchi zetu. Ni mazoea ya kuhesabu kana kwamba Mungu hayupo. Imani haitutaki tuache kuhesabu. Inatutaka tuhesabu tukijua ni nani aliye pamoja nasi. Na mtu akishaanza kujifunza kuhesabu namna hiyo, hubadilika mahali asipotarajia: katika jinsi anavyowaona watu, na katika jinsi anavyopima faida na hasara ya maisha yake.

Tuitazame kwanza hesabu ya Filipo katika sura ya 6 ya Injili ya Yohana. Yesu aliuona mkutano mkubwa ukija, akamgeukia Filipo na kumuuliza wanunue wapi mikate ili watu hao wapate kula. Swali lilielekezwa kwa mtu anayestahili kuulizwa, kwa sababu Filipo alikuwa mwenyeji wa Bethsaida, na Luka anatuambia kwamba jambo hilo lilitukia upande wa mji huo huo. Aliyajua masoko na bei zake. Basi akajibu papo hapo kwamba mikate ya dinari mia mbili isingetosha hata kila mmoja apate kidogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, kama tunavyoona katika mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu, kwa hiyo Filipo alikuwa akizungumza juu ya ujira wa zaidi ya miezi sita. Wanaume peke yao walikuwa kama 5,000. Gawanyeni wenyewe: ujira wa kibarua mmoja wa siku moja ungepaswa kulisha watu 25, kabla hatujawahesabu wanawake na watoto. Filipo hakukosea hata kidogo. Mhasibu yeyote aliyeketi humu angeipitisha hesabu yake.

Nami naomba tuone kwamba Yesu hakumkemea. Hakumwambia kwamba kutaja gharama ni kukosa imani, wala hakumwamuru akiri kwamba fedha zipo wakati hazipo. Yohana anasema aliuliza ili kumjaribu, kwa maana mwenyewe alijua atakalolitenda. Hesabu ilikuwa sahihi, ila ilikuwa na pengo moja: aliyeuliza swali hakuingizwa ndani yake. Filipo alikuwa amesimama karibu na yule ambaye alikuwa ameponya wagonjwa mbele ya macho yake, akahesabu dinari, akahesabu midomo, kisha akafunga daftari.

Andrea alisogea mbele kidogo. Yeye alikuwa amemwona mtoto mmoja katikati ya umati ule, mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ilikuwa nafaka ya maskini. Kwa hiyo Andrea hakuleta karamu, alileta chakula cha mtoto wa maskini, na aliposikia maneno yanavyomtoka kinywani aliona aibu, akaongeza: “lakini hivi ni nini kwa watu wengi kama hawa?” Wengi wetu tumekwama katika neno hilo la Andrea. Tunakiona kidogo tulicho nacho, tunakileta hadi karibu na Bwana, halafu tunajihukumu kabla yeye hajasema lolote.

Yesu akasema watu waketishwe. Mahali pale palikuwa na majani tele, watu wakaketi, akaitwaa ile mikate, akashukuru, akawagawia. Walipokwisha kushiba, akawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu, wakajaza vikapu kumi na viwili. Agizo hilo la mwisho hunifikirisha kila ninapolisoma. Yule ambaye kwa mikate mitano amelisha maelfu ndiye anayesisitiza kwamba makombo yaokotwe. Anayedhani kwamba kufikiri kwa imani ni kuishi bila bajeti, kukopa bila mpango wa kulipa, au kuanza ujenzi wa kanisa pasipo kujua saruji itatoka wapi, na alisome tena agizo hilo. Ukarimu wa Mungu na uangalifu wa mwanadamu vilikuwa pale pale, siku ile ile, mikononi mwa watu wale wale.

Wapelelezi kumi na wawili wa Hesabu sura ya 13 nitawapitia kwa haraka, kwa kuwa habari zao mnazijua. Wote kumi na wawili waliona nchi moja, miji yenye maboma na watu warefu. Hakuna aliyesema uongo juu ya maboma. Tofauti ilijitokeza waliposema juu ya nafsi zao. Wale kumi walisema walijiona kuwa kama mapanzi, kisha wakaongeza kwamba ndivyo walivyoonekana machoni pa wenyeji, ilhali hakuna mwenyeji hata mmoja waliyekwenda kumuuliza. Wao wenyewe walijipa udogo ule, halafu wakawawekea maadui zao maneno hayo vinywani. Kalebu aliyaona maboma yale yale, akasema na tupande mara. Vivyo hivyo Ibrahimu: katika Warumi sura ya 4 Paulo anatuambia kwamba alifikiri hali ya mwili wake, uliokuwa kama umekwisha kufa, na hali ya tumbo la Sara, wala hakudhoofika katika imani. Hakufumba macho. Alitazama ukweli wote wa uzee wake, kisha akamtazama aliyeahidi.

Sasa nataka tutoke katika kurasa za Biblia, tushuke Unguja, kwa sababu jambo hili limetukia katika pwani yetu wenyewe.

Mwaka 1864 wamisionari wa Kianglikana waliotumwa na vyuo vikuu vya Uingereza, Askofu Tozer na Padre Edward Steere, walifika Zanzibar. Wakati huo soko la watumwa lilikuwa likifanya kazi mjini, na mtu alikuwa na bei kama pembe na karafuu zilivyokuwa na bei. Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Jaribuni kufikiri jinsi wavulana wale walivyoonekana kwa macho ya kawaida ya mji ule. Hawakuwa na ukoo wa kuwatetea wala mali, na lugha za kwao zilikuwa mbali na kisiwa kile. Kwa hesabu ya soko walikuwa bidhaa iliyobadilisha mikono. Mmoja wao ni yule aliyekuja kuitwa John Swedi. Mwaka 1879 Swedi aliwekwa wakfu kuwa shemasi.

Kati ya miaka hiyo, mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, baada ya shinikizo kubwa la Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, katika uwanja ule ule ambapo watu walikuwa wakiuzwa. Steere, ambaye mwaka uliofuata alifanywa askofu, aliusimamia ujenzi ule kwa miaka, huku akitafsiri Maandiko kwa Kiswahili na kuwafundisha vijana walioachwa huru kupanga herufi na kuchapa vitabu. Nawaomba msiliangalie jengo peke yake. Kujenga kanisa juu ya soko ni jambo kubwa, lakini mawe hukubali kuhamishwa kwa wepesi kuliko fikra. Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ilikuwa kumtazama kijana aliyekuwa na bei na kumwona mchungaji wa kesho.

Cecil Majaliwa alikuwa mmoja wa vijana hao. Alizaliwa Myao, akatolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani, shule ya misheni hiyo huko Zanzibar, akapelekwa kuwatumikia watu wa asili yake huko Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, na mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Mtoto aliyeondolewa bara kwa nguvu alirudi bara akiwa na Injili mkononi, kwa hiari yake, katika upande ule ule wa nchi ambao misafara ya watumwa ilikuwa ikipita.

Hapa sitaki tusifu upesi mno. Watu waliofikiri kuvuka mipaka ya soko la watumwa hawakuweza wote kufikiri kuvuka mipaka ya misheni yao. Tangu Majaliwa awe padre mwaka 1890 hadi Yohana Omari alipowekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Tanganyika ya Kati huko Namirembe, Uganda, mwaka 1955, akiwa Mtanganyika wa kwanza kuufikia uaskofu katika Kanisa Anglikana, ilipita miaka 65. Siku ile waliwekwa wakfu pamoja naye Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, na Daniel Deng Atong wa Sudan. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Joseph Kiwanuka alikuwa ameshafanywa askofu mwaka 1939 na kukabidhiwa Masaka, Uganda. Jimbo lililoongozwa na Mwafrika lilikuwepo jirani tu, nayo makanisa mengine yaliendelea kusema kwamba wakati haujafika. Naamini walikuwa watu waliompenda Bwana kwa dhati. Hata hivyo walihesabu miaka ya malezi, vyeti na uzoefu, na katika hesabu yao wakamsahau Roho Mtakatifu waliyemhubiri. Nalisema hili kwa sababu sisi pia tunaweza kuvuka mpaka mmoja kwa machozi na dhabihu, halafu tukaketi chini ya mpaka wa pili tukiuita hekima.

Ipo mipaka mingine ambayo imani haituvushi katika maisha haya, na ni lazima niiseme waziwazi. Umri wetu ni mmojawapo.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na misheni ya Kianglikana ya London, alikuja pwani hii baada ya mlango wa Ethiopia kufungwa mbele yake. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na katika muda wa siku chache mama na mtoto wote walifariki kwa homa, Krapf mwenyewe akiwa hoi kitandani kwa ugonjwa ule ule. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi la Rosine lipo hadi leo. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara ya kuwa vita vimeanza katika upande huu wa dunia, na kwamba saa ya kuitwa kwa Afrika kutoka mashariki imekaribia. Mtu aliyezika familia yake yote katika mwezi mmoja aliandika maneno hayo, na mimi sijui kuyasoma bila kunyamaza kidogo.

Krapf alikuwa na mpango mkubwa: safu ya vituo vya misheni kuanzia Mombasa hadi pwani ya magharibi ya bara hili. Mpango huo haukutimia. Mwenzake Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka 1846, wakaweka makao Rabai, karibu na Mombasa, na mtu wa kwanza kuiamini Injili pale hakuwa mfalme wala kiongozi wa msafara ambaye angeweza kuwafungulia njia ya bara. Alikuwa Mringe, mtu mlemavu wa kijiji cha jirani, aliyebatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Hebu iwekeni hesabu hiyo mezani: mpango wa kuvuka bara zima, kaburi la mke na mtoto, na mwamini mmoja anayekufa. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilimlazimu kuondoka. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, akarudi Ulaya akiwa amepofuka, akiongozwa njiani na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waamini wa mwanzo kabisa. Kamusi ya Kiswahili ambayo Krapf aliifanyia kazi miaka mingi ilichapishwa mwaka 1882, naye alikuwa amekufa Novemba 1881. Biblia nzima kwa Kiswahili ilikamilika kuchapwa mwaka 1891, miaka kumi baada ya kifo chake.

Waebrania sura ya 11 inasema juu ya wazee wa zamani kwamba walikufa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia. Huko ndiko kufikiri kuvuka mipaka ya kibinadamu ninakokujua mimi. Mungu hakumwongezea Krapf miaka ili aone matunda. Alimpa uwezo wa kufanya kazi ambayo matunda yake yangeliwa na wengine, na mmoja wa wengine hao ni mimi, ninayesimama hapa nikiwahubiria kwa lugha aliyoisarifu.

Kwa sababu hiyo napata uchungu ninaposikia vijana wetu wakifundishwa kwamba imani ikiwa ya kweli lazima gari lije, visa itoke na mchumba apatikane kabla mwaka haujaisha. Mafundisho hayo hujiita ya kuvuka mipaka, kumbe yameishia ndani ya mipaka ya tamaa zetu. Yanamtaka Mungu awe na mawazo yetu, naye alisema kwa kinywa cha Isaya kwamba mawazo yake si mawazo yetu. Shadraka, Meshaki na Abednego walikiri mbele ya Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakasema, “Bali kama si hivyo,” wasingeisujudia sanamu. Nimekaa karibu na vitanda vya wagonjwa ambao hawakupona, nikawasikia wakisema maneno kama hayo kwa sauti dhaifu, na nashuhudia kwamba imani yao ilikuwa kubwa. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa kwamba neema yatosha, kwa maana uweza wa Bwana hutimilika katika udhaifu. Asiyekuwa na nafasi ya jibu hilo katika fikra zake bado hajavuka.

Sasa, tunajifunzaje? Ninyi ni wanafunzi, mnajua kwamba hakuna somo linaloingia kichwani kwa shangwe ya siku moja. Paulo anawaambia Warumi wageuzwe kwa kufanywa upya nia zao, na kazi ya namna hiyo hufanyika polepole, kwa kusoma Maandiko kila siku hata siku ambazo hayatuchangamshi, kwa kuomba, na kwa kukaa karibu na akina Kalebu waliomo makanisani mwetu, ambao mara nyingi ni mama zetu wazee waliosomesha watoto kwa jembe na ambao hatujawahi kuwaalika wazungumze katika makongamano kama haya. Waulizeni. Watawaeleza hesabu walizopiga na jinsi walivyoomba, na mtashangaa jinsi vitu hivyo viwili visivyogombana katika maisha yao.

Na msidharau akili. Yesu alisema tumpende Bwana Mungu wetu kwa moyo wote, kwa roho yote na kwa akili zote. Binti anayesomea uhandisi hamheshimu Mungu kwa kuacha kurudia vipimo vya daraja kwa sababu ameliombea, wala kijana wa udaktari hamheshimu kwa kumwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa. Wanaowaambia watu waache dawa kwa jina la imani wanafanya dhambi, na nitalisema hilo popote nitakapopewa nafasi. Vipimo ni hesabu ya Filipo, na Filipo alikuwa sahihi. Mungu haombi tumpe hesabu mbovu ili apate nafasi ya kutenda.

Mchana mtakaa katika vikundi, na viongozi wenu wameniomba niwape kazi. Kila kikundi kichukue jambo moja lililokwama katika tawi lenu: ada ya mwenzenu anayekaribia kuondolewa chuoni, huduma ya gereza iliyokufa, au mgogoro wa viongozi ambao kila mtu anaukwepa. Andikeni hesabu yake yote bila kupunguza wala kupamba: fedha zinazohitajika, muda uliobaki, watu wanaopinga. Kisha ombeni juu ya karatasi hiyo, ikiwa imewekwa wazi katikati yenu. Mkishaomba, kabla hamjaandika azimio lolote, kila mmoja ataje jina la mtu mmoja katika tawi ambaye hajawahi kuulizwa jambo lolote wala kupewa kazi yoyote, na majina hayo yaandikwe chini ya hesabu. Kabla ya ibada ya jioni, wawili kati yenu waende kwa kila aliyetajwa wakamuulize ana nini mkononi.